Mtandio wa Zuhura kachukua mtani

Alhamisi

Basi Somoe, mtani wetu wa Miteja, kaninyang'anya mtandio mchana kweupe. Ule mweupe wa matundu ya maua, niliomfumia mwanangu Zuhura atokee nao eda kesho. Mtani akichukua hununi, lakini mimi nilinuna.

Kajitanda, akasimama mbele ya Zuhura. "Kesho wachumba wakija, wataniona mimi kwanza."

"Na meno hayo mawili?" Zuhura akamuuliza.

"Mawili yanatosha kutafuna mahari."

Mwanangu akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu tulipomzika mumewe nilikuwa sijamsikia akicheka, na nilishaanza kuogopa.

Nikamwambia Somoe auchukue, aende zake. Vidole vinaniuma, ila uzi upo. Zuhura atatoka na kanga yangu mpya, na mwenye la kusema aje kwangu.