Nusu ya Punda

Dada Nekesa, mvua ya Kitale bado inawalowesha? Hapa Lodwar vumbi limeingia hadi kwenye chai, na mimi situlii.

Jana nilimpeleka daktari wa mifugo Kakuma, kwa Mama Akiru, ambaye punda wake alikuwa akichechemea. Mama alikuwa amepewa vidonge vya kutuliza maumivu ya goti, akawa anagawana na punda nusu kwa nusu. "Maji yangu anabeba nani? Si ni yeye?" alituuliza. "Sasa mimi nimeze dawa peke yangu?" Nilicheka. Lakini punda alikuwa amelala chini, tumbo limevimba, kinyesi cheusi. Daktari alisema vidonge vimemchubua utumbo, na bakteria wamepitia kwenye vidonda hadi kwenye damu. Mama Akiru alimshika punda sikio mpaka mnyama akakata roho.

Dada, vile vidonge vyangu vya mgongo nilivyokuachia umpe mbwa wetu Tomi kwa ajili ya mguu wake, tupa vyote chooni sasa hivi. Simu ya posta hapa imekufa, na kadi hii huenda ikachukua wiki nzima.

Nawapenda nyote. Nikifika getini, nataka mbwa wetu anibwekee kabla sijabisha hodi.

Kaka yako, Wafula