Dhahabu Ndani ya Soksi

Mama mpendwa,

Sasa hivi mjukuu wako Furaha ameficha punje ya dhahabu ndani ya soksi, kama wachimbaji wa kwetu. Nani amemfundisha, sijui.

Tuko Farsta, mtaa wa huku ugenini, kwenye sikukuu ya watoto. Wameleta gari la farasi lenye paa la turubai, na watoto wanaosha mchanga kwenye mabeseni wakitafuta dhahabu. Kijana mwenye kofia pana ametueleza kwamba zamani, huko Amerika, watu walipakia sufuria na watoto kwenye gari kama hili, wakaifuata dhahabu. Wazazi wa huku wamewahurumia sana. Sisi dhahabu ilikuwa mlangoni, tukabeba sufuria tukaikimbia.

Nimemwambia Furaha, "Rudisha, hiyo ni kokoto ya rangi tu."

"Ni ya mormor," amenijibu kwa Kiswidi, yaani wewe, mama wa mama. "Asiingie tena mtoni kuosha mchanga, magoti yanamuuma."

Mama, mtoto ameshasema. Nimepata kazi jikoni, kwenye shule moja, nitakuwa natuma kidogo. Mungu akupe usingizi mtamu, na uniambie kama kweli umeacha mto. Ngoja, yule wa kofia anatuita, ananyoosha kidole kwenye soksi ya Furaha. Nitamalizia baadaye.