Mafahali Hawakurudishwa Kaburini

Mjukuu wangu Khavere,

Huku Shinyalu tuko wazima. Mamako amemaliza kuvuna maharagwe, na goti langu limetulia kidogo. Unauliza, kwa hiyo kazi yako ya filamu, kama ni vibaya kumwomba mtu arudie jambo ili kamera ilipate.

Nilipokuwa msichana tulimzika baba kwa heshima, mafahali wakakimbizwa kulizunguka kaburi lake. Watu wa filamu walifika mafahali wakiwa wameshaondoka. Mkubwa wao akamwomba mama warudishwe, na yeye alie tena. Kwetu, mafahali wakirudishwa kaburini wanaita kifo kingine, lakini mama hakujua kumkatalia mgeni.

Ndipo mpiga picha, dada mmoja mwembamba, akashusha kamera. "Tumechelewa," akamwambia mkubwa wake. "Kwenye filamu tuseme hivyo, tumechelewa." Akapiga picha alama za kwato kwenye udongo, basi.

Mama alishusha pumzi ndefu, akawakaribisha obusuma, ugali wetu. Walipomaliza kula, akamgeukia yule dada.

"Sasa washa hiyo kitu yako," akasema. "Nikuambie alikuwa mtu wa namna gani."

Nyanya yako,
anayekuombea kazi njema