Siku Njeri Alipoulizwa Anataka Kukaa Wapi

Dada Wambui,

Njeri ameenda kukaa na baba yake. Nataka usikie kutoka kwangu, maana ni mimi niliyekuahidi pale wodini kwamba mtoto wako hatatoka mikononi mwangu.

Baba yake, aliyekuwa mbali miaka yote, alirudi mwaka jana, akajenga nyumba kule Kiamunyi. Alikuja hapa Karagita mara tatu kumwona, nami nikamfungia mlango. Ndipo akaenda kortini. Korti ikasema Njeri awe akienda kwake wikendi, kesi ikiendelea.

Niliogopa, dada. Yeye ana nyumba. Mimi nina chumba kimoja na kibarua kwenye shamba la maua. Nikafanya kitu kibaya. Wiki nzima, nikimsuka nywele, nilimfundisha Njeri amwambie hakimu kwamba baba yake humpiga. Alirudia maneno yangu bila kuniangalia.

Siku ya kesi, hakimu alisema mtoto wa miaka kumi na miwili lazima asikilizwe. Akamwita ofisini kwake peke yake. Mimi na baba yake tulibaki nje kwenye benchi moja. Mlango ulikaa umefungwa muda mrefu.

Njeri alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, mama yake mdogo.

"Tata, sikusema vile uliniambia. Baba hajawahi kunipiga." Akaniangalia usoni. "Nimesema nataka kukaa kwake. Kule naweza kuongea juu ya mama."

Ni kweli. Tangu tukuzike, kila akikutaja nilimwambia amalize chakula. Nilidhani namkinga yeye. Kumbe nilikuwa najikinga mimi mwenyewe.

Tulipoitwa ndani, nilisimama nikakiri kwamba nilimfundisha mtoto uongo. Nilisema yote hadi mwisho. Hakimu aliamua Njeri akae kwa baba yake, naye angeweza kuomba nisimwone mtoto tena. Badala yake aliomba Njeri awe akija kwangu kila likizo, na hakimu akakubali. Mpaka leo sijajua nimshukuru vipi.

Shule zinafungwa Ijumaa. Ile ahadi ya kwanza imevunjika, kwa hivyo pokea hii nyingine. Njeri akifika nitamwambia ulivyokuwa ukicheka kanisani mpaka tunatolewa nje, na ulivyopenda chai iliyopoa. Akiuliza siku zako za mwisho, nitamwambia pia. Nikilia, atanisubiri.

Pumzika, Wambui. Mtoto wako amejua kujisemea.

Mdogo wako,
Wairimu