Ngoma za Umeme Juu ya Dari ya Bi Zein

Mji wa Kale,
Mombasa.
14 Juni, 2025

Mpendwa kaka Kenga,

Hujambo? Na hilo joto la Doha limewafanyaje mwaka huu? Wifi Terry naye, mgongo umepoa? Nawaombea nyote afya na usingizi mzuri. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya msimu huu wa mvua ambayo hayana adabu. Mama yuko Kaloleni na hajambo. Goti linamsumbua lakini fimbo anaikataa, anasema fimbo ni za wazee.

Umeniuliza ununue ngoma gani za umeme, zisizo ghali, kwa mtu anayepiga kujifurahisha tu. Kisha ukaongeza, bila haya, kwamba binamu yetu Ronny amekwisha kukushauri. Kaka, nilicheka peke yangu ofisini hadi madereva wa malori wakanyamaza. Ronny! Basi sikiliza yaliyonipata mimi kwa kumsikiliza yeye.

Unajua ninavyoishi. Mchana kutwa niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, napigiwa kelele na kila mwenye kontena lililokwama. Nikirudi nyumbani, nusu saa ya kupiga ngoma ndiyo inayonizuia kumtukana mtu. Chumba changu ni cha juu, kwa Bi Zein, yule mjane niliyekusimulia, aliyenilisha uji kwa mkono wake nilipougua malaria. Chumba hicho sitaki kukipoteza, na ngoma sitaki kuziacha.

Ronny anakaa Kizingo, katika nyumba yenye bustani isiyo na mwisho, na ngoma zake ziko gereji. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa apunguze sauti. Na huyo ndiye niliyemchukua dukani anichagulie! Alikuja na miwani ya jua, akabaki nayo humo humo dukani. Kila seti aliuliza ina sauti ngapi. Muuzaji, bwana mmoja aitwaye Mzamil aliyejipaka manukato ya kuua nzi, akamjibu kwamba ni mamia, na wote wawili wakatikisa vichwa kana kwamba wameletewa habari ya mtoto kuzaliwa. Mamia ya nini? Mimi natumia tatu. Wakaunganisha seti moja na spika kubwa, Ronny akapiga mpaka wapita njia wakajaa mlangoni wakishangilia, na kwa kuwa wameshangilia, basi ngoma ni nzuri. Hivyo ndivyo wanaume wazima wanavyonunua vitu.

Nikainunua, mjinga mimi. Ilikuwa na sahani za mpira mgumu, na ngoma ya mguu inayogongwa na nyundo ya pedali. Ronny akanihakikishia kwamba nikivaa hedfoni hakuna atakayesikia, na hilo peke yake lilikuwa kweli. Hakuna aliyesikia. Lakini nyumba hii ni ya mawe na boriti, na kati ya sakafu yangu na dari ya Bi Zein kuna chokaa iliyowekwa na watu ambao, kwa bahati yao, hawakuwahi kumjua Ronny. Kila nilipokanyaga, boriti zilitikisika, na chokaa ikamwagikia bakuli la Bi Zein, naye yuko mezani anakula mbaazi.

Aliniita kwa upole. "Mwanangu, hiyo ngoma yako siisikii, wallahi. Lakini naila."

Mwanawe Khubaib hakuwa na upole wowote. Huyu anauza mazulia, na tangu zamani anakitaka chumba changu kiwe ghala lake. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, utadhani kila jiwe la nyumba amelibeba yeye. "Mama, Ijumaa n'taangalia mwenyewe. Ikianguka hata chembe, achague, ngoma au chumba." Aliyasema hayo mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

Nikairudisha dukani. Mzamil akasema mali ikishauzwa haibadilishwi. Nikamwambia vyema, nitakaa papa hapa niwasimulie wateja wako habari za chokaa. Akabadilisha upesi sana. Safari hii nikamwomba azime umeme ndipo nipige. "Dada, ukizima hutasikia kitu," akanijibu, akinihurumia. Anauza ngoma, mpumbavu yule, na hajui kwamba anayeishi chini ya mpigaji hana hedfoni. Nikazijaribu zote zikiwa zimezimwa, kiganja kimoja sakafuni, nikachukua seti ndogo kuliko zote: uso wake ni wavu laini, na pedali haina nyundo, ni kibao tu unachokikanyaga. Ronny akanipigia simu kuuliza kama nimeamua kurudi chekechea.

Kwa hiyo nawe ukifika dukani usihesabu sauti wala matoazi. Sema wazime umeme, upige, usikilize jirani yako wa chini atapata nini. Wakikucheka, waache wacheke, ndiyo kazi waliyoiweza.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala Bi Zein alitandika buibui lake jeusi kitandani, chini kabisa ya mahali ninapopigia, ili chokaa ikidondoka ionekane. Khubaib akakaa barazani na kahawa yake akisubiri kuitwa kama hakimu. Nikapiga kwa nguvu ile ile ya kila siku, sikutaka kudanganya. Nilipomaliza nikashuka pekupeku, roho juu. Mlango wa Bi Zein ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amesimama dirishani, buibui mikononi, analikung'uta nje. Vumbi jeupe nililiona kwa macho yangu. Halikuwa jingi, lakini lilikuwepo. Kisha akalirudisha kitandani, akalinyoosha kwa viganja, akaita kwa sauti, "Khubaib! Njoo utazame mwenyewe. Hapana kitu!"

Khubaib akaja, akainama, akapitisha kidole, akatoka na uso wa mtu aliyenyimwa biriani harusini. Bi Zein hakuniona pale ngazini.

Kaka, mama yule hakosi sala hata moja, na sijapata kumsikia akidanganya hata kuhusu umri wake. Nilirudi juu nikalia, nakwambia bila aibu. Kisha nikaifungua pedali, nikaiviringisha kwenye gazeti, nikaisukuma uvunguni. Tangu siku ile napiga kwa mikono tu. Bi Zein aliniuliza jana mbona dari imetulia hivyo, nikamwambia ni ngoma nzuri. Ronny anasema ngoma bila mguu si ngoma, na ningeshangaa kama angesema kingine, maana hajawahi kuishi juu ya mtu anayempenda.

Nisalimie sana wifi Terry, na rafiki yako Nicodemus. Mama na shangazi Mbodze wanakusalimu, na Bi Zein pia, ingawa hamjaonana. Mungu awape nyumba tulivu na majirani wenye subira.

Dadako akupendaye kuliko washauri wako wote,

Winnie