Biskuti za Herufi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemkamata Adina. Wiki mbili namtazama tu, leo nimemkamata — na bado sijamwambia mtu.

Kazi yangu darasa la kwanza ni kuchonga penseli, kufuta makamasi, kuwapeleka chooni na kukaa na wanaochelewa wakati Mora Dvora anaendelea na wenzao. Mora ndiyo mwalimu. Hapa shule ya Wayahudi, Joburg, walimu wa Kiebrania wanaitwa hivyo. Mimi ni Miss Mayasa, mwaka wa pili huu, mkataba wa muhula kwa muhula. Basi leo nimepewa Adina, tukae kona anisomee sala ya asubuhi. Kasoma. Sauti tamu, kidole kwenye mstari, hakosei. Nikageuza ukurasa, kumbe nimegeuza mbili, zimegandana kwa gundi ya jana. Mtoto akaendelea kusoma ukurasa ule nilioruka! Neno kwa neno. Kidole kinatembea kitabuni, macho yako dirishani.

Hasomi. Anasoma kwa ghibu. Ana masikio makali, amewasikiliza wenzake akahifadhi kitabu kizima.

Nimemjua kwa sababu niliyafanya hayohayo. Chuoni Ngamiani, Tanga, nilisoma juzuu zima la Kurani kwa ghibu, na mama akinisifia kwa majirani. Siku moja maalim Shee akafunika mstari kwa kiganja, akaacha neno moja, akaniuliza hapa pana nini. Sikujua pana nini. Nilikuwa na miaka minane na nililia mpaka nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Mora. Akasema alikuwa akimhesabu Adina katika wasomaji wake bora.

Shida ni tarehe ishirini na nane. Siku hiyo kila mtoto wa darasa la kwanza anapewa kitabu chake cha kwanza cha sala, sidur, mbele ya wazazi na mababu. Anaitwa jukwaani, Mora anafungua popote, mtoto anasoma mstari mmoja. Popote! Hakuna kujiandaa. Na Mora anasema asiyeweza kusoma kufikia hapo, mwakani analirudia darasa. Wenzake ishirini na moja wapande, Adina abaki na wadogo.

Nikamwambia nipe huyu mtoto mimi. Akauliza nitamfundisha vipi, na wao wana kadi, wana tableti, kila mtoto na spika zake masikioni. Nikasema kwa mdomo. Kanipa dakika ishirini kila siku baada ya mapumziko. Labda kwa huruma. Sijali, dakika ni dakika.

Alhamisi, 7 Agosti

Herufi zao nilizijua ukutani, mwaka jana, nikichonga penseli. Zinatoka kulia kwenda kushoto kama zetu. Irabu ni vidoti na vijiti chini ya herufi. Sasa mtu aliyelelewa na maalim Shee atashindwa na vijiti?

Chuoni tulikuwa tunaimba: be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu. Watoto arobaini kwenye mkeka, tunayumba mbele na nyuma, mtaa mzima unatusikia. Nikaligeuza hilohilo. Bet kamats ba, bet hirik bi, bet shuruk bu. Unaitaja herufi, unaitaja irabu, unazifunga pamoja. Hakuna pa kujificha.

Adina kacheka mpaka kashika tumbo. Mbona unayumba, Miss Mayasa? Nikamwambia ndivyo zinavyoingia. Akafikiri kidogo, akasema babu yake huyumba akisali. Basi naye akaanza kuyumba.

Siku ya tatu tu hii, na kanisomea silabi kumi bila kutazama dirisha. Nimerudi Malvern nimekanyaga barabara yote ya Jules Street kama mwenye mtaa.

Jumapili, 10 Agosti

Baridi. Upepo wa Agosti umeleta vumbi mpaka kwenye sukari. Siku nzima niko jikoni.

Ijumaa Mora alinisimulia kwamba zamani kwao mtoto akianza kusoma walipaka asali kwenye herufi, akailamba, ili elimu imwingie tamu. Nywele zilinisimama. Nikakumbuka kombe! Bibi yangu akiandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha kwa maji ya waridi, akatunywesha. Watu wa mbali hivi, na sote tunawalisha watoto maandishi.

Basi nimepika biskuti za herufi. Unga, mayai, mafuta, asali, iliki. Alef, bet, gimel, zote, na vidoti vyake vya ufuta. Zimetoka vizuri mno, nimezipiga picha.

Marcelline, jirani yangu wa Bukavu, msusi, kaja kuomba kiberiti akazikuta mezani. Ah, mama Mayasa, weye Mwislamu wa Tanga unapikia mtoto wa Bayahudi alfabeti? Bakuweke tu directrice, mkuu wa shule, iishe. Nikamwambia acha mzaha wako. Lakini kichwani nilishajiona.

Jumatatu, 11 Agosti

Eish.

Niandike kwanza zuri. Adina kasoma biskuti tisa. Namwekea herufi, anataja, anafunga, akipata anakula. Hajakosa hata moja. Macho yote mezani.

Mora akaingia akaona makombo. Akauliza zimetoka wapi. Nikasema kwangu, kwa fahari kabisa. Uso ukambadilika.

Karatasi ya siku ya kwanza nilitia saini: chakula cha nyumbani hakiingii darasani. Najua. Najua pia kwamba nyama na maziwa hawachanganyi. Lakini nilijiambia hizi hazina nyama wala maziwa, na nguruwe hajawahi kuvuka kizingiti changu, kosa liko wapi? Sisi kwetu ukishasema hakuna nguruwe wala pombe, mjadala umekwisha. Kumbe kwao hata chombo kinaulizwa. Mora kaniuliza kwa upole trei hiyo hupikiwa nini kingine. Nikasema ukweli — biriani ya kuku, Ijumaa, ninailaza kwenye mtindi usiku kucha.

Kafumba macho.

Kuku na mtindi! Ningelisema lolote jingine.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeitwa kwa mwalimu mkuu. Hakunifokea, bora angenifokea. Kasema anajua sikukusudia, ila mzazi anapomleta mtoto hapa anaamini kila kinachoingia kinywani mwake, na imani hiyo ndiyo shule yenyewe. Mtu akimpa mwanangu soseji ya nguruwe kwa nia njema, ningefanya nini? Ningelipasua jiji.

Nimetolewa darasani. Nipo chumba cha fotokopi mpaka waamue. Nimejuta, na nina hasira, na hasira yote ni yangu mwenyewe. Siku kumi na sita zimebaki na Adina amerudishiwa tableti.

Alhamisi, 14 Agosti

Fotokopi. Fotokopi. Wino mpaka kwenye kucha.

Saa nne darasa la kwanza walipita koridoni. Adina kasimama kwenye kioo cha mlango wangu, kayumba mara mbili, kasogeza midomo bila sauti. Nilimsoma midomo: bet hirik bi. Mora kamvuta mkono wakaenda. Nikayageukia makaratasi yangu nikalia, nikanakili mtihani wa jiografia pande zote mbili wakati walitaka upande mmoja.

Jumatatu, 18 Agosti

Ya leo niiandike yote, nisisahau hata kidogo.

Saa tatu naitwa tena kwa mkuu. Nikasema leo ndiyo leo, nikachukua na mkoba wangu kabisa. Ndani nikamkuta mzee na fimbo, kofia ndogo kichwani, miaka themanini na kitu. Mzee Lazar, babu yake Adina. Hakunisalimu. Kaniangalia, kisha akaanza kuyumba pale kitini na kuimba kwa sauti ya kukwaruza: komets alef o, komets beis bo, komets gimel go.

Nikafahamu. Matamshi mengine, wimbo uleule! Mdomo wangu haukuningoja. Nikamjibu: be fataha ba, te fataha ta, the fataha tha. Naye akaja na mstari wake, nami nikaja na wangu. Tunayumba wawili mbele ya meza ya mkuu, yeye kitini, mimi nimesimama na mkoba. Mkuu kaweka kalamu chini.

Mzee akatoa leso. Alisema Jumamosi amemsikia mjukuu wake chumbani peke yake anaimba hivyo, akadhani anaota. Baba yake alitoka Lithuania akiwa na wimbo huo, akamfundishia yeye mezani, hapahapa Joburg, kabla hajavaa viatu vya shule. Tangu baba afe hajausikia kwa mtu. Akaniuliza nimeupata wapi. Nikasema chuoni, Tanga, kwa maalim Shee. Akauliza Tanga iko upande gani wa Lithuania. Alikuwa anatania, nafikiri.

Kisha akamgeukia mkuu. Kasema biskuti ni kosa na lisirudiwe. Mwalimu si kosa, na arudishwe.

Mwalimu! Kasema mwalimu. Nilishika kiti.

Mkuu akaniuliza mimi nasemaje. Nikasema kosa ni langu, nimelielewa, trei yangu haitavuka geti lile. Ila biskuti zilikuwa zinafanya kazi, na kusema kweli nazitaka tena. Mkuu kacheka. Mara ya kwanza naona meno yake.

Jumatano, 20 Agosti

Jiko la shule! Rabi Mendel, msimamizi wa jiko, mtu mnene na mpole, kanikabidhi aproni. Masharti yake: unga wao, asali yao, trei yao. Mayai tunayapasua moja moja kwenye glasi, akitazama kama kuna damu. Unga anauchekecha mwenyewe akitafuta wadudu, kwa taa. Nikamwambia ungemkuta bibi yangu mngeelewana sana.

Mimi nikakanda, nikakata herufi. Nilipotaka kuwasha oveni akanizuia kwa mkono. Moto lazima auwashe yeye, ndivyo sheria yao ilivyo. Nilitaka kununa. Nikakumbuka kwamba hata sisi mnyama hachinjwi na mtu yeyote tu. Nikampisha. Akabonyeza, taa ikawaka, akaniambia endelea mwalimu. Basi ndivyo tulivyofanya: mikono yangu, moto wake.

Darasa zima limekula. Waliosoma tu! Hakuna biskuti ya bure. Mora Dvora mwenyewe kaimba na sisi, mwanzo kwa aibu, halafu kwa sauti kuliko wote. Na kanipa watatu wengine, wa kuwafundisha pamoja na Adina. Wanne wangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Shule imefungwa saa sita kwa ajili ya Sabato. Kabla ya kengele nimefanya ya maalim Shee: nimefungua ukurasa ambao hatujawahi kuugusa, nimefunika kwa kiganja, nimeacha neno moja. Hapa pana nini?

Kasoma. Nikateleza kiganja. Kasoma. La tatu nililisoma mimi kwa haraka zangu, akanisimamisha. Hapana Miss Mayasa, hiyo haina kitone ndani, ni fe, siyo pe.

Kanisahihisha! Mtoto wa miaka saba! Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea.

Jumapili, 24 Agosti

Marcelline kanisuka bure kwa ajili ya Alhamisi, ingawa nitavaa hijabu na hakuna atakayeona. Kasema Mungu ataona, na yeye pia.

Namuwaza Adina kutwa. Anasoma, lakini polepole, na jukwaani mtu huogopa. Akiogopa atarudi kwenye ghibu. Masikio yake yatamwokoa na yatamwangamiza hapohapo, kwa sababu Mora atafungua popote.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, nimesimama ubavuni mwa pazia la jukwaa. Mikono lazima niishughulishe na kitu.

Ukumbi umejaa. Watoto wamevaa nyeupe na taji za karatasi. Mzee Lazar yuko mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, na mama yake Adina pembeni. Mkuu asubuhi kaniambia tuzungumze Jumatatu, mkataba wa mwaka mzima. Nikasema sawa, sharp, kama mtu anayeambiwa hivyo kila wiki. Nilikwenda chooni kucheka.

Nane wameshasoma. Wawili kati ya wanne wangu. Safi kabisa.

Ameitwa.

Kapanda. Kapewa sidur, jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Kalibusu jalada. Mora amefungua — mbali, katikati, pale sipajui hata mimi.

Kidole kimetua kwenye mstari.

Kaanza kuyumba. Asante Mungu, anayumba. Neno la kwanza. La pili. Sauti si ile tamu ya zamani, inakwaruza, inakanyaga herufi moja moja. Mzee anayumba naye. La tatu.

La nne limemkwamisha.

Mama yake anachezesha midomo kumsaidia. Mora kaniangalia mimi, nimetikisa kichwa: mwache. Ghibu haikwami hivi, katikati ya neno, kidole kwenye kijiti. Ghibu hupita tu. Huyu yumo ndani ya neno analivunja. Namsikia — lamed, anaitaja herufi, lamed nini —

Ukumbi huu una madirisha makubwa pande zote mbili. Hajatazama hata moja.