Soda za Heshima

Jumapili jioni. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, kibaridi kimeingia hadi jikoni. Mimi sikisikii. Nina hasira.

Leo nilikwenda Mkuyuni kumwona mama. Tangu daktari amwambie kwamba ana sukari na unene unamlemea moyo na magoti, tulikubaliana wote, mimi, yeye na kaka yangu Hamisi: chai bila sukari, maandazi basi, soda marufuku. Nyumbani hakosi chakula. Nyuma kuna migomba, mipapai, na matembele yanajiotea tu.

Nimemkuta mkekani, soda ya machungwa mkononi, sahani ya chipsi mayai mbele yake. Mlangoni, kreti nzima. Kaka Hamisi ametulia kitini, anatabasamu kama mtu aliyetenda jema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, chukua na wewe ya baridi."

Soda ya machungwa! Na pale nje ya dirisha machungwa yenyewe yameanguka chini ya mti, yanaliwa na nzi.

"Kaka, unamuua mama," nilisema.

"Mimi? Wewe unayetaka ale majani kila siku ndiye unayemuua. Mama ametulea kwa shida, leo umnyime hata soda?"

Niliiburura ile kreti hadi uani, nikaanza kufungua chupa moja baada ya nyingine na kumwaga. Majirani wakajaa kwenye uzio. Hamisi akafoka kwamba nina wazimu. Niliendelea kumwaga.

Mama alijiinua kwa kushika ukuta, akajikokota hadi mlangoni.

"Mwajuma, acha. Unajua wanasemaje hapa? Nimepungua kidogo tu, magauni yakanilegea, wakasema watoto wamenitupa. Wengine wanasema nina ule ugonjwa. Hamisi akishusha kreti, kila mtu anaona nina watoto."

Nilibaki nimeshika chupa, povu linanichuruzikia mkononi.

Kumbe mama hanywi kwa kiu.

Hapo hasira yangu ikahama. Nimewachukia wale waliosimama kwenye uzio, wanaomwona mtu anahema kwa kutembea hadi chooni, wakamwambia, "Mama, umenawiri!" Akianza kupona, wanamzika kwa maneno. Nimeuchukia upendo huu wetu unaopimwa kwa chupa.

"Hamisi, zilizobaki zirudishe dukani," mama akasema. "Mkitaka watu wajue nina watoto, njooni. Kaeni. Tule wote."

Hamisi akainamisha kichwa. Kisha akaibeba kreti kuelekea dukani.

Mama akapika matembele kwa nazi kidogo, akasonga ugali. Nikadhani tutakula ndani kama kawaida. Hapana. Alitandika mkeka mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia, akaketi katikati yetu. Kila aliyepita alikaribishwa kwa sauti kubwa: "Karibu chakula! Nimetembelewa na wanangu!"

Sijawahi kumwona akitafuna kwa majivuno namna ile.

Mimi na Hamisi hatukutazamana mpaka tumenawa. Hata kuniaga hakuniaga.

Hasira bado ninayo, wala sitaki ipoe. Jumapili ijayo nitampitia Hamisi kwake Kingolwira asubuhi na mapema, twende kwa mama. Akisema ana kazi, nitakaa mlangoni kwake mpaka avae viatu.